Kisigino cha Baba

Mguu wa kulia wa baba ulikatwa chini ya goti mwaka juzi, na mimi najua kwa nini. Baba naye anajua. Mama anaamini ni kwa sababu ya jiko lake la mkaa, na tumemwacha aamini hivyo. Naandika haya nikijua mama si msomaji wa vitabu, na hilo halinipi sifa yoyote.

Gari lenyewe ni dogo, jekundu, la milango miwili, lina gia za mkono na injini yenye kelele kuliko umbo lake. Baba alilikuta limegongwa, limeotewa na majani nyuma ya gereji moja njia ya Misungwi. Alikuwa amestaafu udereva wa malori na hajui afanye nini na siku zake. Akalivuta hadi nyumbani, akalifufua kipande kwa kipande kwa miaka minne. Mama aliliita mke mwenza, na hakuwa anatania sana.

Mimi ndiye niliyeomba kufundishwa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, naendesha otomatiki kama nusu ya mji, na baba alinidharau kwa hilo waziwazi.

"Huko siyo kuendesha," alisema. "Huko ni kubebwa."

Kuingiza gia nilijua ndani ya Jumapili mbili. Alichotaka hasa nijue ni kushusha gia huku nikifunga breki kuingia kona, bila gari kushtuka. Hapo mguu mmoja unafanya kazi mbili. Vidole vya mguu wa kulia vinakandamiza breki, mguu wa kushoto unakanyaga klachi, mkono unatoa gia ya tatu kwenda ya pili. Katikati ya hayo yote kisigino cha kulia kinageuka pembeni na kugusa pedali ya mafuta kidogo, ili injini ipande ilingane na mwendo wa matairi. Ndipo unaachia klachi. Ukikosea, gari linakurusha kifua kwenye mkanda na matairi ya nyuma yanalia. Baba alijifunzia kwenye malori ya zamani, ambayo gia zake, kwa maneno yake, hazikuingia mpaka uziombe.

Kabla ya kuwasha gari alivua viatu na soksi, kila mara.

"Kiatu kinaficha mambo," alisema. "Nikivaa, pedali siisikii kabisa."

Niliona huo ni ufundi. Nilimsifia hadi kwa wenzangu kazini.

Na kazi yangu ni kuuza dawa. Niko duka la dawa pale Mirongo, na kila siku nawaambia wenye sukari maneno yaleyale: kagua miguu yako kila jioni, hata katikati ya vidole, maana miguu ikifa ganzi utaumia usijue. Baba alikuwa na sukari mwaka wa nane. Vidonge vyake nilimpelekea mimi, kwa mikono miwili, baada ya shikamoo. Sikuwahi kumwambia anyooshe mguu niutazame. Nyumbani kwetu binti hagusi mwili wa baba yake. Mambo ya mwili wa baba ni ya mama, au ya mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume kwetu hayupo. Nyayo zenyewe zilikuwa mbele ya macho yangu kila Jumapili, peku, zikinifundisha, na mimi nilikuwa natazama pedali.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya jua kali. Wiki hiyo baba alikuwa ameng'oa zulia la gari kwa sababu lililowa mvua na kunuka, kwa hiyo chini ya miguu palikuwa bati tupu, na bomba la moshi linapita hapohapo chini. Tulikwenda kwenye mteremko wenye kona kabla ya kufika Misungwi. Nikaanza mimi. Nilikosea kila mara, gari likaruka kama mbuzi, na hasira zikanipanda. Nina hasira za karibu, hasa nikishindwa na kitu kinachofanywa na mtu mwingine kwa urahisi.

"Baba, hapa chini panachoma," nikasema. Joto lilikuwa linapenya soli ya raba yangu.

"Gari la mbio lisipopata moto ni gari la wagonjwa," akajibu, tukacheka.

Tukabadilishana viti. Akashuka mteremko, injini ikapanda sauti kidogo, gari likaingia kona kana kwamba hakuna kilichobadilishwa. Kati ya kona na kona kisigino chake kilikaa kimetulia kwenye lile bati.

"Nionyeshe tena," nikasema.

Akanionyesha. Mara ya tatu alisema inatosha, mama yako anatungoja na chakula. Nikamwambia tena, moja tu. Alikuwa amechoka na alikuwa amefurahi, nadhani hakuna aliyemwomba kitu kwa bidii hivyo tangu astaafu. Nilimwomba mara sita. Pale palipokuwa pananichoma mimi nikiwa na raba, yeye aliweka kisigino peku karibu saa nzima.

Alipofika nyumbani alinawa miguu bombani, akavaa soksi, akala.

Mama ndiye aliyegundua, siku nyingi baadaye, alipofua soksi iliyogandana na kitu. Tulipofika hospitali kisigino kilikuwa cheusi. Daktari akauliza mzee aliungua wapi. Baba alinitazama kidogo, halafu akamgeukia.

"Jiko," alisema. "Nilikanyaga jiko la mkaa uani. Sikusikia maumivu."

Mama akashika kichwa. "Mungu wangu, mimi ndiye ninayeliacha pale mlangoni!"

Ningeweza kusema wakati ule ule. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini nilimwona daktari ananitazama, akijua ninafanya kazi wapi maana mama alishajigamba, na nikaona aibu. Nilinyamaza kwa aibu, siyo kwa huruma, na hilo ndilo linalonikosesha raha hadi leo.

Mama aliligawa lile jiko kwa jirani. Jioni akimsafisha baba kile kipande cha mguu, humwambia pole, na pole ile siyo ya kumfariji tu, ni ya kuomba radhi. Baba hutazama ukutani.

Gari likabaki kwangu. Nilitandika zulia jipya, nene, nikajizoesha peke yangu kwenye mteremko uleule bila furaha yoyote. Siku moja mguu ukaelewa, na hapakuwa na wa kumwambia.

Mwezi uliopita niliwapeleka wote wawili Misungwi kumsalimia shangazi. Baba alikaa mbele, mama akajibana kiti cha nyuma na magongo mapajani. Tulipoukaribia mteremko, mama alimgusa baba bega.

"Ningeliondoa tu lile jiko," alisema, "leo ungekuwa unaendesha mwenyewe."

Nikapunguza mwendo. Nikasema, "Mama, lile jiko..."

Baba aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, hapo kwenye gia. Ulikuwa mzito na wa baridi.

"Kona hiyo, mwanangu," alisema. "Gia ya pili."

Nikakanyaga breki kwa vidole, nikageuza kisigino, injini ikapanda, nikaachia klachi, na gari likaingia kona bila kushtuka hata kidogo. Baba akautoa mkono wake. Nyuma yetu mama akasema siku hizi naendesha vizuri, kama baba yangu.