Kichwa Kitupu cha Ngatinem

Alipokuwa bado na nywele, Ngatinem hakuhitaji kupiga kelele sokoni Boyolali. Miaka ile wanawake wa soko walivaa kebaya, blauzi ndefu ya vifungo, na kufunga nywele kisogoni, na yeye alifungua tu fundo lake, nywele zikamwagika mpaka kiunoni, nyeusi ti, zinanukia mlangilangi. Wanawake walisogea wenyewe na chupa zao.

Mafuta aliyatengeneza nyumbani, kwenye mteremko wa mlima Merapi. Maua ya mlangilangi yaliyochumwa alfajiri aliyachemsha kwenye pipa la shaba, mvuke ukapita kwenye bomba lililozama ndani ya maji baridi, na kilichodondoka kikajitenga, maji chini, mafuta juu. Hayo hakuyauza hivyo hivyo, maana yalikuwa makali. Alitia matone machache kwenye mafuta ya nazi aliyokwisha kuloweka ndani yake majani ya mkadi. Yalilainisha ngozi ya kichwa iliyokauka, yakaupa unywele mng'ao. Zaidi ya hapo hakumwahidi mtu.

Kisha nywele zake mwenyewe zikaanza kutoka. Kiraka kimoja nyuma ya sikio, kingine utosini; akichana, kitana kinajaa. Daktari wa zahanati alimwambia kwamba mwili wake wenyewe unazipiga vita nywele zake. Huenda zikarudi, huenda zisirudi. Mafuta hayakuwa na kosa, wala hayakuwa dawa yake.

"Kwa hiyo sijajiroga?"

"Hujajiroga, mama."

Wifi yake Sutirah, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa akiuza naye sokoni, alimletea fundo la nywele za bandia.

"Vaa hili, wifi. Hakuna atakayejua."

"Nywele za nani hizi?"

"Nitajuaje? Za mtu."

"Basi mrudishie mwenyewe."

Akachukua wembe, akanyoa vishada vilivyobaki. Siku ya soko alivaa kebaya yake ya kijani, akajitwika kikapu cha chupa, akateremka na kichwa kinachong'aa.

"Jamani njooni muone!" Sarjiyah, muuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, alipasua sauti. "Muuza mafuta ya nywele kanyonyoka kama kuku wa supu!"

Soko likaangua kicheko. Ngatinem akapanga chupa zake.

"Mimi nauza mafuta, Sarjiyah, siuzi kichwa. Wewe na tempe yako, nani kakuomba umwonyeshe tumbo?"

Walicheka tena, safari hii si yeye aliyechekwa. Lakini kucheka si kununua, na jioni kikapu kilirudi kizito.

Darmaji, mchuuzi wa mjini, alimfuata nyumbani na wazo lake. "Niuzie yote. Nitabandika picha ya msichana mwenye nywele za kufika magotini, niandike kwamba yanaotesha. Wewe usionekane tu."

"Yangekuwa yanaotesha, ningesimama hivi mbele yako?"

"Ndiyo maana nasema usionekane."

"Toka uani kwangu, Darmaji, kabla sijakumwagia maji ya moto ya pipa."

Darmaji akatoka, akanunua mafuta ya mlangilangi kwingine, akayatia chupani bila kuyachanganya na kitu, akabandika picha yake. Yakauzwa kama maandazi. Na mpambaji wa maharusi, Mama Wirasti, mteja wa tangu zamani, akaacha kuagiza kwa Ngatinem. "Si mimi, shoga yangu. Wenye harusi wanaogopa nuksi."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha soko. Alilia mbele ya pipa lake, kisha akapuliza moto.

Asubuhi moja Mama Wirasti alikuja mbio, kebaya yake imefunguka kifungo. Bibi harusi wake, Rukmiyati, alikuwa amejipaka chupa nzima ya Darmaji ili nywele zijae kabla ya sherehe. Sasa ngozi ya kichwa ilikuwa nyekundu kama pilipili, na kila kitana kikimgusa alipiga yowe.

"Njoo, Ngatinem. Ila jifunge kitambaa. Kuna wazee."

"Mmekuja kuniita mimi au kitambaa?"

Akaingia nyumba ya harusi vile vile alivyo. Mzee mmoja, bibi yake Rukmiyati, akanong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye kipara asimguse mwali. Ngatinem akaanza kazi. Aliyafuta yale makali kwa mafuta matupu ya nazi, akamwosha kwa sabuni laini na maji mengi ya baridi, akamwekea kitambaa chenye maji mpaka kilio kikapungua.

"Sasa unipake yako, mama?" Rukmiyati akauliza.

"Leo hata harufu yake usiisikie. Ngozi imeungua, iache ipumue."

Fundo wakalifunga legelege, yasmini zikaning'inia juu ya nywele bila kugusa ngozi. Kazi ilipokwisha, yule bibi mzee akamwelekeza Ngatinem atokee mlango wa jikoni.

Rukmiyati akasimama. "Akitokea jikoni, na mimi natokea jikoni. Bwana harusi atanikuta kwenye masufuria."

Walitokea mlango wa mbele wote wawili, wageni wakatoa macho.

Mama Wirasti alirudi kuagiza, na wengine nyuma yake, si wote. Wapo ambao mpaka mwisho walivuka njia wakimwona. Ngatinem aliwauzia waliokuja, na aliyeuliza kama yanaotesha alijibiwa hapana kabla hajamaliza swali.

Mvua za mwaka uliofuata, nywele zikaanza kuota upya, laini, nyeupe. Sutirah alilia kwa furaha, akaleta kioo. Ngatinem akajitazama, akazipapasa, akaomba wembe.

"Umerukwa na akili, wifi?"

"Ziliondoka bila kuaga," akasema, akijipaka povu. "Haziingii bila hodi."