Rangi Tamu

Watu wengine wakitaka kujua umri wa rangi iliyokauka kwenye mlango, wanaiangalia kwa makini, wanaikuna kwa ukucha, wanamuuliza mwenye nyumba. Bi Vipande aliitia mdomoni. Miaka thelathini alifanya hivyo bila haya, mbele ya wageni na mbele ya wanafunzi wa sanaa waliokuja na madaftari yao. Anachukua ganda la rangi, analigusisha kwenye ncha ya ulimi, anafumba jicho moja, kisha anatoa hukumu. "Hii ya kale. Ina utamu." Au: "Hii ya juzijuzi, haina lolote." Hakuwahi kukosea, na hilo ndilo lililomponza.

Jina alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake, na yeye akalipokea kama cheo. Picha zake hazikuchorwa, ziliungwa. Alilaza ubao wa plaiwudi juu ya meza, akabandika juu yake maganda ya rangi kutoka milango ya nyumba zilizobomolewa, matambara, nyaya, vizibo vya chupa, kurasa za magazeti, vioo vilivyovunjika. Kingine alikitia gundi, kingine alikipigilia, kingine alikishona kwa sindano ya magunia. Kuna mgeni aliyewahi kusimama mbele ya kazi yake akauliza kama ile ni picha au ni ukuta ulioanguka. "Vyote viwili," Bi Vipande alimjibu, "kwa hiyo usiiegemee."

Rangi za siku hizi, alisema, ni maringo matupu. Leo zinang'aa, baada ya mwaka zimepauka kama tambara la kudekia. Lakini kijani cha mlango wa miaka sitini kilikuwa kijani kweli, na nyeupe yake ilikuwa nzito kama maziwa mgando. Kuitambua kwa ulimi alifundishwa na mchora mabango mmoja aliyeitwa na wote Fundi. Fundi alikufa mikono yake ikiwa imelegea kwenye vifundo, inaning'inia tu, hawezi hata kujifunga kifungo cha shati. Wapo waliosema ni pombe, wapo waliosema kafanyiwa kitu. Bi Vipande ndiye aliyemlisha miezi yake ya mwisho, na hakuuliza sana. Alichokumbuka ni kwamba mzee alipofumbua kinywa, ufizi wake ulikuwa na mstari wa buluu chini ya meno, mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu ya wino.

Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya binti yake. Kilikuwa na dirisha moja, nalo alilifunga mchana kutwa maana upepo uliyapeperusha maganda yake. Vumbi jeupe lilitua juu ya redio, juu ya kifuniko cha kikombe cha chai, juu ya nywele zake. Alifagia mara tatu kwa siku, kwa ufagio mkavu, na kila alipofagia vumbi lilinyanyuka, likazunguka, likarudi pale pale. Misumari midogo aliibana kwa midomo. Mkate aliula kwa vidole vile vile.

Na chini ya meza, juu ya mkeka, alikaa mjukuu wake. Mama mtu alifanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, alitoka asubuhi na kurudi jioni, na mtoto akirudi chekechea ni wa bibi. Alikuwa na miaka minne na wote walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haupumziki. Aliamka akiongea, akala akiongea, akasinzia na sentensi mdomoni.

"Bibi, kwa nini waya haulali? Bibi, mlango huu ulikuwa wa nani? Bibi, unakula nini?"

"Sili, naonja. Rangi ya zamani tamu, rangi mpya si tamu."

"Na mimi!"

Bi Vipande alicheka. Akachagua ganda la kijani, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akamgusishia ulimini. Mtoto alilamba midomo, akafumba jicho moja vile vile kama bibi yake, akatangaza, "Tamu." Basi bibi mtu alifurahi siku nzima. Damu yangu hiyo, alijisemea, huyu hatakuwa karani wa mtu. Ilikuwa mara moja tu, na hata kumsimulia mama wa mtoto hakukumbuka.

Mwaka ule alikuwa na kazi ngumu kuliko zote alizowahi kushika. Jumba la sanaa la mji lilikuwa limempa ukuta mzima, yeye ambaye picha zake zilizoea kutundikwa kwenye vijia vya kuendea chooni. Alitaka kuujaza kwa picha moja: ujia mrefu wenye milango pande zote mbili, mingine wazi, mingine imefungwa. Pande zilikubali haraka. Katikati ikakataa. Mlango wa mwisho, ule ambao jicho lingetembea ujia mzima ili kuufikia, ulibaki tundu tupu la plaiwudi. Alijaza kioo, akabandua. Alijaza magunia, akabandua. Kila alichoweka kilionekana kimekufa. Wiki sita alizunguka lile tundu, kichwa kinamgonga, tumbo limemkaza, na mtu akimsemesha anamjibu kwa ukali. Akawa haambiliki hasemezeki.

Katika wiki hizo Chiriku alianza kunyamaza.

Hakunyamaza ghafla. Maswali yalipungua kwanza, kisha majibu. Akawa anakaa chini ya meza akipanga maganda yaliyoanguka, kimya, na akiitwa anachelewa kugeuka. Chakula alikisukuma. Alishika tumbo. Mwalimu wa chekechea alimwita mama mtu akamwambia kwamba mtoto anasahau nyimbo alizozijua mwezi uliopita.

"Mama, mwanangu ana nini?" binti alimuuliza Bi Vipande asubuhi moja, viatu vya kazini mkononi. "Jana nimekaa naye saa nzima, hajaniambia hata neno."

"Watoto hubadilika. Wewe mwenyewe ulinyamaza ulipoota meno."

"Nilikuwa na miaka minne?"

"Nenda kazini, utachelewa. Yuko na mimi."

Wiki iliyofuata akaja Nyundo, mwanamume wa makamo aliyebomoa nyumba kwa ajira na aliyemletea Bi Vipande milango kwa mapenzi yake tu. Safari hii alikuwa na mlango wa jengo la kale la posta, mzito, wameubeba watu wawili. Rangi yake ilikuwa nyeupe juu ya kijani, kijani juu ya nyeupe, tabaka kwa tabaka, imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Bi Vipande aliutazama, akajua. Mlango wake wa mwisho ulikuwa umefika. Akabandua ganda, akalitia ulimini, akafumba macho yote mawili. Hakuwahi kuonja rangi tamu kama ile.

"Bi mkubwa, usiweke mdomoni," Nyundo alisema. "Nilikuwa nikwambie. Kule kazini injinia ametuvalisha barakoa wote. Anasema rangi hizi za zamani zina madini ya risasi. Sumu, eti inaingia kwenye damu na haitoki."

"Mwambie injinia wako nimezilamba miaka thelathini. Mbona niko hai?"

"Mimi nakufikishia tu."

"Umefikisha, mwanangu. Asante. Sasa nipishe nifanye kazi."

Alicheka mpaka Nyundo akatoka. Halafu hakucheka tena. Lile neno lilibaki chumbani kama mgeni asiyeaga. Kwa siku mbili alilikwepa kwa kazi: alikwangua mlango wa posta kwa kisu chake kifupi, akafungua tabaka moja baada ya jingine, akayapachika maganda katikati ya picha. Na picha, baada ya wiki sita za ubishi, ikakubali. Lile tundu likawa mlango, ukiutazama unahisi kuna mtu nyuma yake, hajui kama atafungua au la. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote, alijua hivyo, na ilimtia hofu kuitazama.

Siku ya tatu, saa nane mchana, kisu kikamdondoka. Akakiokota, kikadondoka tena. Aliunyanyua mkono wa kulia mbele ya uso wake, akauamuru usimame wima kwenye kifundo. Mkono ukabaki unaning'inia.

Aliujua mkono ule. Si wake, wa Fundi.

Alikiendea kioo kilichopasuka, kimoja kati ya vile alivyovihifadhi kwa ajili ya picha, akakisimamisha dirishani, akauvuta mdomo wa chini kwa mkono wa kushoto. Mstari ulikuwepo. Mwembamba, wa buluu, chini ya meno. Akili yake ilikimbilia kwa Fundi, ikakimbilia kwa Nyundo na barakoa zake, na mwisho kabisa, kwa kuchelewa ambako hakuja kujisamehe, ikashuka chini ya meza.

Alipiga magoti. Chiriku alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, na mbele yake kulikuwa na mafungu mawili ya maganda ya rangi. Bi Vipande aliyaangalia kwanza kama fundi. Fungu la kulia lote lilikuwa la kale, posta na milango mingine ya miaka ileile. Fungu la kushoto lote la juzijuzi. Hakukuwa na hata moja lililokosewa mahali pake. Kisha aliutazama mdomo wa mtoto. Pembeni ulikuwa mweupe.

"Chiriku, mama, fungua kinywa."

Mtoto alifungua. Ulimi ulikuwa na unga wa kijani.

Hesabu ya siku ilimjia Bi Vipande bila kuitwa: tangu lile ganda moja la mzaha, miezi minane. Miezi minane mtoto alikuwa akimsaidia bibi yake kazi. Alimsukutua kwa maji mara nne, akamfuta mikono, akambeba mgongoni kwa mkono wake mmoja mzima, akatoka mbio bila kufunga mlango, gundi imemganda kwenye gauni. Njiani alimpigia simu binti yake. "Njoo zahanati. Mtoto hajisikii vizuri." Zaidi ya hapo hakusema.

Kwa nini hakusema? Alikuwa amekusudia kusema. Njia nzima aliyapanga maneno, akayafikisha mpaka kwenye benchi la wagonjwa. Lakini binti yake aliingia akihema, bado ana kadi ya ofisi shingoni, akamkumbatia mama yake kabla ya kumgusa mtoto, akamwambia, "Afadhali ulikuwa naye wewe." Hapo Bi Vipande aliona wazi kabisa kitakachofuata: mtoto atachukuliwa, chumba kitafungwa, na jina la mama litatamkwa kwa sauti nyingine maisha yote. Huo ndio ukweli, na mimi sitampamba.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimkagua Chiriku macho, fizi, tumbo. Alitoa damu ipelekwe maabara. Akavua miwani.

"Nahisi ni sumu ya madini. Nimeona watoto wawili wa namna hii, wazazi walikuwa wanayeyusha betri nyumbani. Sasa nisikilizeni. Dawa ipo, lakini dawa ni kazi bure kama mtoto anaendelea kuipata. Lazima nijue inaingiaje. Nyumbani kuna betri? Kuna rangi?"

"Betri hatuna," binti alisema haraka. "Mama ni msanii, anatumia rangi, lakini mtoto hagusi vitu vyake. Tena mama yangu ni msafi, daktari. Anafagia mara tatu kwa siku."

Daktari alimgeukia Bi Vipande, macho yakamshuka mpaka kwenye mkono uliolala mapajani. Yakatulia hapo.

"Mama, ni kweli?"

Bi Vipande alitazama ukuta, kisha mtoto.

Chiriku alikuwa ameachwa akae kwenye kiti cha watoto pembeni, kiti cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani, kimekwanguka kwenye mkono. Hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa bibi yake. Mtoto alipenyeza ukucha chini ya rangi, taratibu, akabandua ganda bila kulivunja, kama anavyobandua mtu wa kazi. Akaligusisha kwenye ncha ya ulimi. Akafumba jicho moja.

"Si tamu, bibi," akasema, kwa sauti safi.

Binti aliruka kutoka kitini. "Ameongea! Mama, umesikia? Ameongea!" Alimnyanyua mtoto, akambusu mashavu, machozi yanamtiririka na kicheko juu yake. "Wiki tatu sijasikia sauti yake! Amesema nini? Mama, wewe ndiye unayemwelewa, amesema nini?"

Daktari hakucheka. Alikuwa akilitazama lile ganda la kijani kwenye mdomo wa mtoto, kisha akamtazama bibi.

Binti alikuwa bado anacheka, anangoja kuambiwa. Bi Vipande akaushika mkono wake uliolegea kwa ule mzima, akamwambia yote, kuanzia lile ganda la kwanza.