Pomadi Niliyoificha Chini ya Nguo

Mimi ninauza sokoni samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Kabla ya kuugua, mikono yangu ilikuwa haijui kupumzika: nafungua magunia, nachambua, napanga, na mdomo nao haukai kimya.

Ulianza muwasho katikati ya vidole. Nikasema ni chumvi tu. Baada ya wiki chache ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, inapasuka na kutoa maji. Nilijikuna mpaka damu. Mteja mmoja aliangalia vidole vyangu, akarudisha samaki.

"Mama, hii haiko bukoma?"

Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, jirani yangu aliniinamishia kichwa tu, hakunipa mkono. Niliogopa sana. Bila mikono hii, watoto wangu watakula nini?

Daktari alisema si ukoma, ni ekzema. Akaniandikia pomadi ya kortizoni. Nilipoiona tyubu, niliitambua. Ilikuwa ileile ambayo dada yangu mkubwa, Yaya Bea, alijipaka usoni ili awe mweupe, mpaka ngozi ikawa nyembamba na mishipa ikaonekana. Niliificha chini ya nguo. Mikono ikazidi kuharibika, nikashindwa hata kumwogesha mtoto.

Yaya mwenyewe ndiye aliyenirudisha kwa daktari.

"Docteur, huyu iko anaogopa sababu ya uso yangu."

"Mama, weye ulipakalaka myaka, bila munganga kukuandikia," daktari alimjibu. "Yeye ni siku kumi, ku mikono tu. Ngozi yake iko inapiga vita, na adui haiko. Hii dawa inaingia ndani, inaiambia: basi, tulia. Damu inapunguka pale, kuvimba kunashuka."

Yaya akawa ananipaka kila siku, kidogo, kiasi cha ncha ya kidole. Siku ya tatu muwasho ulipungua. Siku ya nane nilikunja ngumi bila kulia. Ngozi ikalainika, na shetani akaninong'oneza: jaribu na shingoni, uwe mweupe. Nakiri, nilifungua kifuniko.

Siku ya kumi Yaya alinyoosha mkono.

"Leta ile tube."

"Yaya, kidogo tu."

"Hata miye nilisemaka vile."

Nilimpa.

Leo navaa glavu kazini na kupaka vazelini. Namshukuru Mungu na yule daktari. Wewe uliyeandikiwa dawa hii, usiifiche kama mimi. Ipake, na siku ukiambiwa acha, acha. Jumapili iliyopita jirani yule wa kanisani alinipa mkono wa amani, nikaubana mpaka akacheka. Kisha nilirudi nyumbani nimemshika mkono Yaya, ambaye bado anafunika uso wake kwa kitambaa.