Kugonga Kadi

Nilipohamia Gungu kutoka kwetu Kagunga sikuwa na ndugu wala rafiki mjini. Nilipanga chumba, nikaanza kazi ya ukarani katika ofisi inayohudumia wakimbizi. Jioni nilipika, nikala peke yangu, nikalala. Asubuhi, mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa mzee aliyelinda geti la ofisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwakeye?"

Kisha huniuliza kwa Kiha kama mama amepiga simu, kama ziwa limetulia huko nyumbani. Maongezi mafupi tu. Lakini zilikuwepo siku ambazo sikupata mengine, ukiondoa ya kazi.

Baadaye ikafungwa mashine mlangoni. Mkuu wetu mpya, mgeni kutoka nje, alitukusanya akasema kuanzia sasa kila mtu ata-"badge in" kabla ya kuingia. Dereva wa ofisi akaniinamia. "Ndiyo kufanya nini?" Sisi tukaliita kugonga kadi. Mzee akahamishiwa nyuma, kulinda stoo na jenereta. Geti likaachwa wazi mchana kutwa. Nikawa nafika, nagusisha kadi, taa ya kijani inawaka, naingia. Sina wa kumsalimia.

Masika yale malaria ikanilaza. Jirani yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa sokoni Kibirizi, anatoka alfajiri na kurudi amechoka. Hakujua kama nipo. Nikiwa nimejikunja kitandani, simu ikalia. Niliidaka haraka. Ujumbe wa ofisini: leo hujagonga kadi. Jamani, nilifurahi! Nikaandika, "Naumwa. Asanteni kwa kunikumbuka." Nikaiweka simu kifuani nikisubiri jibu. Halikuja. Nilipopona ndipo dereva akanieleza kwamba ujumbe ule hutumwa na mashine yenyewe, na majibu hayasomwi na mtu.

Nilizunguka nyuma ya jengo. Mzee alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aliponiona alisimama.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekutafuta Gungu nzima!"

"Mimi, mzee?"

"Nimeuliza bodaboda, nimeuliza madukani. Nawaambia binti wa Kagunga, mwembamba, yuko ofisini kwetu. Wananiuliza, anaitwa nani? Jina silijui, nikarudi."

Asubuhi zote zile, mimi nami sikulijua jina lake. Tukaambiana palepale, tukapeana mikono kama watu waliokutana leo. Akanisogezea ndoo nikae.

Kabla mwaka haujaisha alirudi kwao kulima. Kule nyuma hawakuweka mtu mwingine, wakatia stoo kufuli tu.

Siku hizi chakula cha mchana nakila huko, karibu na jenereta. Wenzangu hudhani napenda kivuli.