Kivuli cha Kiganja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na mlio wake ungalimo masikioni mwangu: mchele ukirukaruka ungoni, chwaa, chwaa, wanawake wa mtaa wetu wa Ngamiani wakipepeta kwa ajili ya hitima ya kaka yangu Mbwana. Ilikuwa mwaka wa hamsini na kitu, Mwingereza bado yupo. Mbwana alikuwa akiwashikia wapima ramani mnyororo wa kupimia ardhi kule nyikani, baina ya milima ya Usambara na Upare. Homa ikamchukua hukohuko, wenzake wakamzika hukohuko. Mama alikuwa hajatoa chozi. Neno lake lilikuwa moja tu: "Mwanangu kalala wapi?"

Asubuhi ile akaja Salimu, mwenzake wa kazini, kaleta nguo za marehemu. Bibi akamwomba amweleze mama. Salimu akasema pahali penyewe pamechorwa kwenye ramani. Lakini ramani mama angeisomaje? Basi Salimu akauvuta ungo. Akasukuma mchele huku, Usambara. Akasukuma kule, Upare. Katikati akapafagia kwa kidole, nyika kavu, akaacha vilima viwili vitatu vimeinuka. Chini ya kilima kimoja akaweka chembe ya chuya, punje iliyobaki na ganda lake.

"Yupo hapa, mama."

Mama akatazama sana. "Pana kivuli?"

Salimu akakipapasa kile kilima kwa kidole. Nami, mwanangu, nilikuwa msichana wa kuota mchana, moyo laini, sivumilii kuona mtu kahuzunika. Nikadakia: upo mkwaju mkubwa, na kijito, na ndege, na theluji ya Kilimanjaro inaonekana kwa mbali. Bibi akanishika mkono.

"Wewe mdomo wako kama kinu, haukosi cha kutwanga. Mama yako kauliza habari za mwanawe, hakuomba hadithi."

Salimu akasema taratibu, "Hapana kivuli, mama. Ni mawe na miiba. Ila tumemlaza vizuri, kaelekea kibla."

Ndipo mama akalia. Akalia huku kakinga kiganja juu ya ile chuya, asichomwe na jua.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa hiyo, mwanangu, mfiwa akikuuliza, mpe unalolijua, hata likiwa kavu. Usilolijua, kaa naye tu. Mola akujaalie ulimi wenye huruma na subira ya kunyamaza, wala asikuonjeshe kuzikiwa mtu wako mbali na macho yako. Amina.

Mimi jioni ile niliingia jikoni peke yangu, nikamkorogea mama uji, kimya.