Ng'ombe wa Modesta

Kwa Mzee Mayala mtoto wa kike hapewi ng'ombe. Modesta alilijua hilo akiwa darasa la tano, huko Kwimba, siku kaka yake alipopewa ndama mwenye baka jeupe usoni. Na yeye akaomba wake. Baba yake alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe uombe ng'ombe? Wewe ndiye ng'ombe wetu, mama. Subiri uolewe, ndipo tutahesabu."

Alimwita mama kwa mapenzi, na wala hakuona kwamba amemchoma. Lakini mwiba huo Modesta alitembea nao mpaka chuoni, na huko ndiko ulikomponza.

Chuo chenyewe kiko Ilemela, kimebanwa kati ya majabali na ziwa. Upepo ukivuma kutoka ziwani unaleta magugu maji, yanajazana ufukweni mpaka maji hayaonekani. Klabu ya mazingira, Modesta akiwa mwenyekiti, ilipiga kelele mwaka mzima ndipo chuo kikakubali kujenga mtambo wa gesi. Ulikuwa mfuko mkubwa mweusi uliolazwa katika handaki nyuma ya jiko. Unaulisha maji, samadi na magugu yaliyokatwakatwa. Unavimba, na gesi inakwenda jikoni kwa bomba. Samadi ya kuanzia ilitoka kwa wafugaji wa Buswelu. Siku hizo wanachama walikuwa wengi, wakiingia ziwani na gambuti huku wakiimba. Mfuko ulipovimba mara ya kwanza, mtu akasema unafanana na tumbo la ng'ombe aliyeshiba, na jina la Ng'ombe likashika hapo hapo.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alitania, "Na huyu ng'ombe ni wa nani?"

Modesta angeweza kusema wa klabu. Angeweza kusema wa chuo. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na yule mtoto wa darasa la tano alikuwa bado hai kifuani.

"Ni ng'ombe wangu," alisema.

Watu wakashangilia. Vyeti vikagawiwa, picha zikapigwa, na baada ya hapo klabu ikayeyuka kama chumvi kwenye mchuzi. Huo ndio ugonjwa wetu. Tunakipigania kitu mpaka kizinduliwe, kisha tunamwachia mmoja akibebe, na tukikutana naye njiani tunamsifu.

Na visingizio havikukosekana, maana ng'ombe ana mwenyewe. Humlishi ng'ombe wa mtu bila kukabidhiwa. Akifa mkononi mwako utasema nini?

"Mwenyekiti," alisema Jonathan, katibu wa klabu, "mimi nimekulia mjini, Mkuyuni. Ng'ombe nimemjulia buchani. Nikimuua wako nitakulipa nini?"

Wenzake wakacheka. Modesta naye akacheka, akashika toroli.

Akawa anashuka ziwani kila asubuhi, anaopoa magugu, anayakata kwa panga, analisha, anakoroga. Alinuka samadi darasani, na wenzake wakajifunza kukaa upande upepo unakotoka. Likizo ya Krismasi chuo kizima kilikwenda nyumbani. Yeye alibaki na mlinzi wa getini. Muda wa mafunzo kwa vitendo ulipofika akaahirisha, maana hakupata wa kumwachia mtambo. Na gesi yenyewe ilitosha nini? Chai ya walimu. Ugali wa wanafunzi uliendelea kupikwa kwa kuni, na lori la kuni liliendelea kuingia getini, likipita mbele ya bango la kijani lililosema chuo hiki kinatunza mazingira.

Mwaka huu mafunzo yalipangwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kuanzia Jumatatu. Bwana Luhende, makamu mkuu wa chuo, alimwita ofisini.

"Uliahirisha mara moja. Hakuna mara ya pili. Usiporipoti Jumatatu, umejifukuza chuo mwenyewe."

"Sawa, Mwalimu. Na mtambo?"

"Mtambo usizimike hata kidogo. Wafadhili wanaweza kutokea wakati wowote."

"Sasa nani ataulisha?"

Bwana Luhende alikoroga sukari kwenye kikombe chake. "Si ng'ombe wako? Panga na watu wako."

Modesta alitoka akiwa amefungwa kamba mbili, moja ikivuta kwenda Nansio, nyingine kwenda handakini, na zote kazifunga mwenyewe kwa ulimi wake. Alimzungukia kila mwanachama. Mmoja ana mtihani, mwingine mgongo unamuuma, wa tatu alizima simu.

Alhamisi Mama Rebeka, mpishi, alimkuta amekaa juu ya toroli, ameshika tama.

"Niachie mimi, mwanangu. Nitamlisha."

Modesta alimtazama. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Aliamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wote.

"Watakuongeza kitu, mama?"

"Waniongeze? Watasema tu, Rebeka si yupo."

"Basi hapana. Nitakuwa nimevua kamba shingoni kwangu nikakuvika wewe."

Jioni hiyo alikuwa ufukweni, maji yamefika magotini, baba yake alipopiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona nasikia maji?"

"Namtafutia chakula ng'ombe wangu," alijibu kwa hasira, kisha akaeleza yote, tangu mfuko mpaka Nansio.

Mzee Mayala alisikiliza mpaka mwisho. "Anatoa maziwa?"

"Anatoa moto. Walimu wanachemshia chai."

"Na wewe unaionja chai hiyo?"

"Hata siku moja."

"Loo! Unachunga, wanakamua wengine? Ufugaji gani huo? Mimi wakinizidi si nampa mtu akae nao? Yeye anywe maziwa, yeye achunge. Umeyaona haya tangu mtoto."

Aliyaona. Nusu ya ng'ombe wa baba yake walilala kwenye mazizi ya watu wengine.

"Kwa hiyo na mimi naweza kumtoa wangu?"

"Si wa kwako?" alisema mzee, kana kwamba hilo halijawahi kuwa na ubishi.

Ijumaa, saa ya chai, Modesta aliingia chumba cha walimu na ndoo, panga na gambuti zenye tope. Akaziweka chini, kando ya meza ya vikombe.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba. We binti, mbona unatuletea ziwa humu ndani?"

"Nimeleta ng'ombe."

Wakacheka. Akasubiri wamalize.

"Kwetu ng'ombe akikuelemea unampa mtu amtunze. Anayekunywa maziwa ndiye anayechunga. Maziwa ya huyu mnayanywa ninyi, hayo hapo kwenye vikombe. Kwa hiyo nawakabidhi."

Mwalimu mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Unatutisha, Modesta?" aliuliza Bwana Luhende.

"Nakabidhi, Mwalimu."

"Na akifa?"

"Mchungaji mwaminifu hupeleka ngozi kwa mwenye ng'ombe, ajue kwamba hakuuzwa. Mkimwacha afe, nileteeni ule mfuko Nansio."

Akatoka, akaviacha vyote pale pale chini.

Jumapili alipanda meli. Kila abiria wa jirani alipofungua begi lake, Modesta alishtuka kana kwamba atatoa ile ngozi. Alikaa ndani, hakutaka hata kuona magugu yakielea. Akilini aliuona mfuko ukinywea, ukilala handakini kama kitambaa, na bango la kijani likiendelea kudanganya. Mara mbili alitoa simu ampigie Mama Rebeka. Mara mbili akairudisha.

Jumatatu aliripoti ofisini Nansio, akaonyeshwa meza yake. Saa ya chai simu ikalia: Bwana Luhende. Modesta alitoka barazani.

"Modesta," ilisema sauti, ikihema. "Moto unasinzia huku. Hebu niambie, yanatangulia maji au magugu?"

Nyuma yake Jonathan alisikika akiangua kicheko: "Mwalimu, gambuti umezivaa kinyume!"

Modesta aliegemea nguzo.

"Maji, Mwalimu. Halafu samadi, halafu magugu, yakatwe madogo. Koroga mpaka mkono uchoke."

"Haya. Na kesho?"

"Kesho tena."

"Hata Jumapili?"

"Ng'ombe hajui Jumapili, Mwalimu."