Zamu ya Mbeba Maji

Wajukuu wangu wana kipindi chao kwenye televisheni. Kitu kimepotea, watoto wanakusanya vidokezo, kila kidokezo ni sentensi ya kusoma, na mwishowe mwizi anatajwa. Ni kipindi kizuri, na wamejifunza kusoma kwacho. Mimi huondoka sebuleni kabla mwizi hajatajwa.

Nilifundisha vivyo hivyo Jomvu Kuu, uhuru ukiwa bado kidogo, wakati ambao sisi hatujaiona televisheni hata kwa picha. Nilikuwa nimetoka sekondari, kijana mjuaji. Walimu wenzangu walifunza kusoma kwa bakora. Mimi nilibuni visa. Jumatatu niliandika ubaoni kwamba mbuzi ameibwa, na kila siku nikaongeza sentensi moja: unyayo, uzi, harufu. Alhamisi kila mtoto aliandika mwizi ni nani na amemjuaje. Kisha mtoto mwenye zamu ya kuwa mwizi alikimbia kuizunguka skuli, na darasa zima likamfukuza na kumchapa kwa makuti mpaka niseme basi. Mara nyingine nilikawia kusema. Walijifunza haraka, kwa sababu mwisho wa kusoma kulikuwa na mtu wa kupiga.

Mtu mzima mmoja alijifunza pamoja nao. Alikuwa mbeba maji, mtu wa bara, aliyetua madebe yake chini ya dirisha letu na kuusoma ubao kwa kunong'ona. Watoto walimtania, "Mzee wa madebe, zamu yako lini?" Naye huwajibu kuwa siku akikimbia yeye, hawatamwona ila vumbi.

Wiki moja taa ya karabai ya msikiti iliibwa. Imamu alitangaza kuwa Halbadiri itasomwa Ijumaa baada ya sala, na aliye nayo airejeshe kabla dua haijamfika. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi: mwizi hupewa siku za kuona haya. Mimi niliiona ushamba. Nilikwenda kumwamkia imamu, nikamwambia kwamba wanafunzi wangu watamfichua mwizi kwa elimu.

"Mwanangu, ngoja Ijumaa," akasema. "Aliyeiba naye aachiwe mlango wa kurudi."

Sikungoja. Niliwapeleka watoto msikitini. Waliona matone ya mafuta ya taa, na mlangoni alama za akala, vile viatu vya mpira wa gari. Hapo kwetu mvaaji wa akala alikuwa mmoja, yule mbeba maji. Yeye ndiye aliyejaza birika la msikiti kila alfajiri, na unyayo wake ulikuwa na haki ya kuwa pale. Hilo nililijua. Sikuliandika ubaoni, kwa kuwa lingeharibu kisa.

Alhamisi watoto wote walijibu jibu moja. Nikaandika kwa herufi kubwa: Mwizi ni mbeba maji.

Alikuwa dirishani. Aliisoma kwa sauti, neno baada ya neno, kisha akacheka. Akatua mzega wake, ule mti wa kubebea madebe begani, akakunja suruali, akaanza kukimbia kuizunguka skuli, magoti juu, kama walivyofanya watoto. Darasa likamtokea na makuti, likipiga kelele za mwizi.

Wanaume waliokuwa wakitoka sala ya adhuhuri walisikia kelele, wakaona mtu anakimbia. Wa kwanza aliuokota ule mzega, akampiga nao mguuni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Wengine walikuja na mawe. Mmoja alimkalia kifuani, akampiga usoni mpaka ngumi yake mwenyewe ikapasuka. Watoto wengi walirudi nyuma wakilia. Wawili waliendelea kumchapa miguu kwa makuti, kwani mimi nilikuwa sijasema basi.

"Mwalimu," akasema, damu ikimtoka kinywani, "waambie ni mchezo."

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja alinigeukia, jiwe mkononi, akingoja. "Ndiye, mwalimu?"

Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa mlangoni, chaki mkononi, na watu wote wakinitazama kama mtu mwenye elimu.

"Ndivyo watoto walivyosoma," nikasema.

Alikufa kabla ya magharibi. Asubuhi yake, Ijumaa, karabai ilikutwa kwenye ngazi za msikiti, imefungwa katika gunia. Halbadiri haikusomwa.

Askari alipokuja, wanaume wote walikuwa mashambani au baharini. Akaniuliza mimi. Niliwajua wote, kila mmoja na alichoshika, na watoto wao walikuwa wakikaa mbele yangu kila siku. Nikaomba karatasi. Niliandika kwamba saa hiyo nilikuwa ndani, nimeelekea ubaoni, na sikuona kitu. Nikatia sahihi.

Askari aliisoma taratibu, akasema ni nadra kupata maelezo yanayosomeka hivi, akaikunja na kuitia mfukoni.